Tozo ya sokoni huanzia kikaoni: wapi pa kupata ajenda na matangazo ya mabaraza Lumino, Busia na Tororo

LUMINO, Busia – Chukua mfano wa mfanyabiashara anayepakia magunia ya mahindi Lumino, wilayani Busia nchini Uganda, ili ayauze Busia upande wa Kenya. Kabla jua halijazama anaweza kuwa amedaiwa ada ya soko, ada ya maegesho ya gari na, akishavuka mpaka, ushuru wa mazao ambao wengi wanauita sesi.

Fedha hizo hazianguki kutoka mbinguni. Kila moja ilipendekezwa na ofisa fulani, ikawekwa kwenye ajenda, ikajadiliwa na madiwani au wawakilishi wa wadi, kisha ikapitishwa. Na kabla ya hapo kulipaswa kuwa na tangazo.

Tatizo ni kwamba mfanyabiashara hukutana na tozo hiyo siku anapoonyeshwa kitabu cha risiti. Wakati huo kubishana na mkusanyaji hakusaidii. Mkusanyaji hakupanga kiwango, na hana mamlaka ya kukipunguza. Aliyekuwa na mamlaka hayo alikaa kikaoni miezi kadhaa nyuma.

Makala haya yanaeleza nani anaamua tozo gani katika pande mbili za mpaka, ajenda na matangazo yanapatikana wapi, na mfanyabiashara au msafirishaji afanye nini anaponyimwa.

Kwanza, tenganisha forodha na baraza

Wafanyabiashara wengi huchanganya aina mbili za malipo. Ushuru wa forodha hutokana na sheria ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na hukusanywa na mamlaka za mapato, yaani URA kwa Uganda na KRA kwa Kenya. Mabadiliko ya viwango vyake hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida mwishoni mwa Juni kabla ya mwaka mpya wa fedha. Diwani wa Lumino hana la kusema hapo.

Aina ya pili ni ada, leseni na tozo za serikali za mitaa: soko, maegesho, machinjio, leseni ya biashara, mabango, sesi. Hizi ndizo zinazoamuliwa karibu na nyumbani, na ndizo ambazo mfanyabiashara mdogo anaweza kuzijua mapema na hata kuzibadilisha.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, taratibu za forodha zimewekwa chini ya paa moja. Tozo za mabaraza hazikuwekwa chini ya paa hilo. Bado kila upande una mabaraza yake, kalenda yake na mbao zake za matangazo.

Upande wa Uganda: nani anaamua

Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inapanga ngazi kuanzia kijiji, LC1, hadi wilaya, LC5. Lakini si kila ngazi ina mamlaka ya kifedha. Kijiji na parokia ni vitengo vya utawala tu. Serikali ya mitaa yenye bajeti na uwezo wa kutoza ni wilaya, manispaa na divisheni zake, baraza la mji, na kaunti ndogo, yaani LC3.

Hapa msomaji wa Kenya awe mwangalifu. Kaunti ndogo ya Uganda si sawa na kaunti ndogo ya Kenya. Ya Uganda ina baraza lililochaguliwa, mwenyekiti na bajeti yake. Ya Kenya ni ofisi ya utawala tu, haina baraza la kupitisha tozo.

Kwa hiyo ada ya soko la kaunti ndogo ni suala la kuanzia kwenye ofisi za kaunti ndogo hiyo, si za wilaya. Sheria inaipa kaunti ndogo haki ya kubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya na kupeleka asilimia 35 wilayani. Baraza linalobaki na sehemu kubwa ya fedha ndilo lenye sababu kubwa ya kuangalia kiwango cha ada, hasa tangu kodi ya kichwa ilipoondolewa mwaka 2005 na mabaraza yakapoteza chanzo muhimu cha mapato yao.

Katika mji wa Busia suala hilo ni la manispaa. Malaba, iliyo wilayani Tororo, ina baraza lake la mji. Msafirishaji anayetumia mipaka yote miwili anahitaji kufuatilia mabaraza mawili tofauti katika wilaya mbili tofauti. Na anayetafuta sheria ndogo za zamani akumbuke kwamba Busia ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997, ilipofanywa wilaya.

Barabara ya lami inayotoka Musita kupitia Mayuge na Namayingo hadi Lumino, kisha kugawanyika kuelekea Busia na Majanji kwenye Ziwa Victoria, imeongeza uzito wa jambo hili. Gari linaloiacha njia ya zamani ya Iganga na kufuata barabara hiyo hupita katika maeneo ya mabaraza mengine kabisa, na kila moja lina haki ya kupanga maegesho na masoko katika eneo lake.

Wapi pa kupata ajenda Uganda

Baraza la serikali ya mitaa linatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili. Hilo lina maana kwamba kwa mwaka kuna vikao sita au zaidi, na mfanyabiashara hahitaji kukaa akisubiri tetesi. Aulize tarehe ya kikao kijacho.

Mtu wa kumwuliza ni karani wa baraza. Ndiye anayeandaa ajenda, kuwaita madiwani na kutunza kumbukumbu za vikao. Katika kaunti ndogo, mkuu wa utawala wa eneo hilo ndiye mlango wa kwanza. Mjini ni karani wa mji, na wilayani ni Afisa Mkuu wa Utawala, anayejulikana zaidi kwa kifupi cha CAO.

Sehemu ya pili ni ubao wa matangazo. Si wa kudharau. Kwenye ubao wa kaunti ndogo au wilaya ndipo hubandikwa fedha zilizopokelewa kutoka serikali kuu, matangazo ya zabuni na jina la aliyeshinda zabuni. Sheria ndogo zinazopitishwa na mabaraza ya chini nazo zinatakiwa kubandikwa mahali pa wazi. Zile za wilaya hutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Sehemu ya tatu ni intaneti. Wilaya nyingi zina tovuti yenye jina la wilaya likifuatwa na go.ug. Bajeti na mipango ya kazi ya kila wilaya huwekwa katika tovuti ya bajeti ya Wizara ya Fedha, budget.finance.go.ug. Humo mtu anaweza kuona wilaya ya Busia au Tororo inatarajia kukusanya kiasi gani kutokana na ada za masoko na maegesho. Makadirio yakipanda ghafla kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, hiyo ni dalili kwamba ama kiwango kitapanda, ama ukusanyaji utakazwa.

Upande wa Kenya: bunge la kaunti

Ukivuka lango la Busia mambo hubadilika. Mabaraza ya zamani ya miji na manispaa yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na mamlaka ya kutunga sheria za tozo yakawekwa kwa mabunge ya kaunti. Kaunti ya Busia ina wadi 35, na bunge lake moja ndilo linalopitisha sheria ya fedha inayotumika kuanzia Malaba kaskazini hadi Sio Port na Port Victoria ziwani.

Hilo ni afueni kwa msafirishaji: sheria moja, kaunti nzima. Lakini pia lina maana kwamba ukikosa nafasi ya kutoa maoni mara moja, umekosa kwa mwaka mzima.

Ibara ya 196 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe mbele ya umma, na wananchi washirikishwe. Ibara ya 210 inakataza kodi au ada ya leseni isiyotokana na sheria. Ibara ya 199 inaongeza kwamba sheria ya kaunti haianzi kutumika mpaka ichapishwe katika Gazeti la Serikali.

Kila siku ya kikao bunge hutoa orodha ya shughuli za siku hiyo. Hiyo ndiyo ajenda. Hupatikana kwa karani wa bunge la kaunti na mara nyingi huwekwa kwenye tovuti ya bunge. Lakini kwa mfanyabiashara, orodha muhimu zaidi ni ya kamati, kwa sababu muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kamati, na hapo ndipo wananchi huitwa kutoa maoni.

Wito huo hutolewa magazetini, kwenye tovuti ya kaunti busiacounty.go.ke, redioni, na kupitia ofisi za wasimamizi wa wadi. Machifu nao huutangaza kwenye baraza. Mtu wa Samia asiyesoma gazeti la Nairobi anaweza kuupata wito huo kwenye ofisi ya wadi yake Funyula bila nauli ya kwenda Busia mjini. Matoleo ya Gazeti la Serikali na sheria za kaunti husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Kalenda ya kuweka ukutani

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai katika nchi zote mbili. Kila kitu hupangwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Uganda: Oktoba na Novemba wilaya huitisha mikutano ya bajeti ambako wadau hualikwa. Rasimu ya bajeti hufikishwa kwenye baraza kufikia mwisho wa Machi na kupitishwa kabla ya Mei kwisha. Ada mpya ya soko huwa tayari imehesabiwa ndani ya rasimu hiyo.

Kenya: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Kisha unakuja muswada wa fedha wenye viwango vya leseni na tozo, ambao bunge linatakiwa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupitishwa.

Kwa maneno mengine, mwenye biashara upande wa Kenya aamke zaidi kati ya Aprili na Septemba, na wa Uganda kati ya Oktoba na Mei. Anayefanya biashara pande zote mbili hana likizo.

Vipengele vya kutafuta kwenye ajenda

Ajenda ya baraza inaweza kuwa na kurasa nyingi: sala, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, taarifa ya mwenyekiti, taarifa za kamati. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Mfanyabiashara hahitaji kuisoma yote. Atafute haya:

Mpango wa kuongeza mapato ya ndani. Hiki ndicho kipengele ambamo viwango vipya hujificha nchini Uganda.

Zabuni ya kukusanya mapato ya soko au maegesho. Mkusanyaji akiwa ni mtu binafsi aliyeshinda zabuni, mkataba wake ndio unaoonyesha eneo lake linaishia wapi. Ukidaiwa nje ya eneo hilo, una hoja.

Kuhamisha soko, siku ya soko au kituo cha malori. Hapa hakuna kiwango kinachotajwa, lakini gharama yake inaweza kuzidi ada yoyote.

Muswada wa fedha au marekebisho yake, upande wa Kenya. Usisome maelezo ya mbele tu. Soma jedwali la viwango nyuma, kwa sababu ndilo atakalolitumia mkusanyaji.

Kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Wengi hukiruka kipengele hiki. Kumbe ndicho kinachoonyesha kama kiwango unachodaiwa kilipitishwa kweli au kiliahirishwa.

Tangazo lina nguvu gani?

Wapo wanaosema karatasi ya ubaoni haibadilishi kitu. Historia ya Uganda inasema vingine. Utafiti wa ufuatiliaji wa fedha za umma ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku za matumizi zilizotengwa kwa ajili yao. Nyingine ziliishia njiani.

Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika shuleni kilikuwa kimepita asilimia 80. Wachumi bado wanajadili ni sehemu gani ya mafanikio hayo ilitokana na matangazo na ipi ilitokana na mageuzi mengine, lakini hakuna anayebisha kwamba mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa alikuwa na swali la kumwuliza mwalimu mkuu.

Kenya nayo ina mfano wake, na huu ni wa tozo hasa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba ushirikishwaji si jambo la kutimiza tu kwa jina. Bunge la kaunti linatakiwa kuwafikia watu mahali walipo, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redioni.

Somo kwa wafanyabiashara wa Busia ni hili: weka nakala ya tangazo. Tarehe ya tangazo na tarehe ya mkutano wa maoni zikikaribiana mno, au tangazo likikosekana kabisa, karatasi hiyo inaweza kuwa ushahidi. Piga picha ubao, na hakikisha tarehe inaonekana.

Ukinyimwa

Uganda ina Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005. Kenya ina yake ya mwaka 2016. Zote zinampa ofisa muda wa siku 21 kujibu ombi. Ombi liwe la maandishi na litaje hati kwa jina: kumbukumbu za kikao cha tarehe fulani, au viwango vya ada vilivyopitishwa kwa mwaka fulani wa fedha. Ombi la jumla huzaa jibu la jumla.

Upande wa Kenya sheria inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na hakuna malipo ya kuwasilisha ombi, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Asiyejua kuandika anasaidiwa na ofisa, na hali ni hiyo hiyo Uganda. Asiyeridhika Kenya hupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman. Uganda hupeleka kwa Hakimu Mkuu wa eneo.

Lakini kuna kizuizi ambacho wafanyabiashara wa mpakani hukijua wakiwa wamechelewa. Haki ya kudai habari imetolewa kwa raia. Mganda hawezi kuidai kwa nguvu ya sheria kutoka kaunti ya Kenya, wala Mkenya kutoka wilaya ya Uganda. Njia ya kawaida ni kupitia mshirika wa upande wa pili au chama chenye wanachama wa pande zote. Anayenunua Lumino na kuuza Busia tayari ana mtu kama huyo: ni yule anayempokelea mzigo.

Kuhudhuria kikao cha wazi au kusoma ubao ni jambo jingine. Hapo hakuna anayeombwa kitambulisho cha uraia kwanza.

Tozo inayozuia biashara

Tozo inaweza kupitishwa kwa utaratibu wote na bado ikawa na kasoro. Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya inakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Jumuiya nayo ilitunga mwaka 2017 sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na kila nchi ina kamati ya kuvifuatilia. Malalamiko yanaweza pia kuwasilishwa kwa mfumo wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC katika tradebarriers.org.

Njia hizi zote zinadai kitu kimoja: hati. Risiti inayoonyesha ulichotozwa, na kumbukumbu ya kikao au sheria inayoonyesha ulichopaswa kutozwa. Mwenye risiti peke yake ana malalamiko. Mwenye vyote viwili ana kesi.

Kwa chama cha wafanyabiashara au wenye magari, gharama ya kazi hii ni ndogo. Kinachohitajika ni mtu mmoja anayesoma Kiingereza cha ofisini, apite kwenye ubao wa kaunti ndogo, wa manispaa na wa ofisi ya wadi mara moja kwa wiki, awe na namba ya karani wa kila baraza, na awasomee wenzake kwa Kiswahili alichokiona. Nauli yake kwa mwezi haiwezi kuwa kubwa kuliko ada iliyopandishwa bila mtu kujua.